Je, Wazimu Hufuata Ukoo? Maelezo kwa Familia za Unguja

Posa ikifika nyumbani, wazee huwa na swali moja wasilolitamka mbele ya wageni. Huliulizia pembeni, kwa jirani wa mtaa wa pili au kwa shoga wa zamani wa bibi: ukoo huo una wazimu? Jibu likiwa ndiyo, posa hufa kimya kimya. Kijana haambiwi sababu. Ami yake aliwahi kulazwa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na hilo limetosha kumfungia mlango.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Maradhi ambayo mitaani tunayaita wazimu, na ambayo mara nyingi madaktari huyakuta kuwa ni skizofrenia, hufuata ukoo kweli. Makosa yako kwenye jibu tulilozoea kujipa, kwamba ukoo ukishakuwa nayo basi imekwisha, kila anayezaliwa humo ameandikiwa. Elimu ya vinasaba ya miaka thelathini iliyopita, na hasa tawi lake liitwalo epijenetiki, inasema vingine, na inayoyasema yanamhusu mtu wa Makunduchi na wa Malindi sawasawa.

Skizofrenia humfanya mtu asikie sauti ambazo waliokaa naye hawazisikii. Huamini kwa yakini kuwa anafuatwa, anatiliwa sumu, au redio inamsema yeye. Maneno yake hukatika, mada hurukana. Lipo pia la kimya zaidi, ambalo familia nyingi hulidhania uvivu: mtu huacha kuoga, huacha marafiki, hukaa chumbani na uso haonyeshi furaha wala huzuni. Kwa wanaume huanza zaidi karibu na miaka 20, kwa wanawake mara nyingi miaka michache baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 20 duniani wanaishi na maradhi haya.

Hesabu ya ukoo

Ukichukua watu 100 wowote, mmoja au chini ya mmoja ataugua skizofrenia katika maisha yake. Mzazi mmoja akiwa nayo, takriban 10 kati ya watoto 100 wataipata. Hatari imepanda mara kumi, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini isome hesabu hiyo mpaka mwisho: 90 kati ya 100 hawataipata. Na wagonjwa wengi ukiwauliza, mama yao hakuugua, wala baba.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa mapacha wa kufanana, waliotoka kwenye yai moja na wenye vinasaba karibu sawa kabisa. Ingekuwa vinasaba ndiyo kila kitu, pacha mmoja akiugua mwenzake naye angeugua, bila shaka. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2018, uliotumia daftari la mapacha wa nchi nzima, ulikuta kuwa pacha wa pili huugua mara 33 tu kati ya 100. Tafiti za zamani zilisema 40 hadi 50. Hata tukichukua hesabu ya juu, nusu ya mapacha hao wanabaki wazima, na mwili wao umeandikwa maneno yale yale.

Kwa hiyo kuna kitu kingine kati ya maandishi na maradhi.

Herufi na irabu

Kila seli ya mwili ina uzi wa DNA wenye urefu wa karibu mita 2, uliozungushwa juu ya protini ndogo ziitwazo histoni ili uweze kuenea ndani. Juu ya uzi huo kuna jeni kama 20,000. Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zile zile, lakini ini halifikiri na ubongo hausafishi damu, kwa sababu kila moja husoma sehemu zake na kuziacha nyingine. Mwaka 1942 mwanasayansi wa Uingereza, Conrad Waddington, ndiye aliyeipa elimu hii jina la epijenetiki: elimu ya namna jeni zinavyowashwa, kuzimwa, kupandishwa na kushushwa, bila herufi zake kubadilishwa.

Wazee wetu waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi zikiachwa tupu, neno moja laweza kusomwa namna kadhaa. Irabu ndizo zinazomwambia msomaji alitamke vipi. DNA nayo ina alama zake. Iliyo mashuhuri ni kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili, ambacho hugandana na uzi wa DNA na mara nyingi huizima jeni iliyo karibu. Nyingine hukaa kwenye histoni na kuufanya uzi ukaze au ulegee. Ulipokaza jeni haisomeki. Alama hizi huwekwa kwa wingi mtoto akiwa tumboni, nyingine katika utoto na ujana, na baadhi zinaweza kuondoka. Chakula, maradhi, moshi wa sigara na mshituko wa maisha vyote vimeonekana kuzigusa.

Upo ushahidi kuwa alama hizi zina mkono katika skizofrenia. Mwaka 2022 timu ya kimataifa ilitoa matokeo ya kupima vinasaba vya wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wasio wagonjwa. Yalionekana maeneo 287 ya DNA yenye uhusiano na maradhi haya, kila moja likiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Hakuna jeni moja ya wazimu. Ila tafiti za mabadiliko adimu ya vinasaba zilikuta jeni chache zinazopandisha hatari sana zikiharibika, na iliyotangulia miongoni mwao ni SETD1A. Kazi yake ni kuweka alama za methili juu ya histoni. Yaani mtu anaweza kuwa na jeni zake nyingine nzima, lakini yule mwandishi wa irabu akiwa hafanyi kazi sawasawa, ubongo unajengwa kwa usomaji wa makosa.

Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya Lieber ya Baltimore walilinganisha ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia na wa wasiokuwa nayo. Tofauti za methili walizozikuta ziliangukia hasa kwenye sehemu ambazo hubadilika mtoto anapotoka tumboni kuja duniani. Ugonjwa unaoonekana mtu akiwa na miaka 20 umeanza kujengwa mapema mno, kabla hajajua kusema. Familia inayotafuta nani alimroga kijana mwezi uliopita inatafuta kwenye mwezi usiohusika.

Njaa ya Uholanzi

Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Posho ya mtu kwa siku ilishuka chini ya kalori 1,000, chini ya nusu ya anachohitaji mtu mzima. Njaa ilianza ghafla na kwisha ghafla Mei 1945 vita vilipomalizika, na hospitali ziliendelea kuandika daftari zake. Miaka mingi baadaye watafiti walizifungua daftari hizo. Watoto waliotungwa mimba wakati njaa imefikia kilele waliugua skizofrenia mara mbili zaidi ya wenzao. China nayo ilipata njaa kubwa zaidi kati ya 1959 na 1961, na uchunguzi uliofanywa katika mkoa wa Anhui ulitoa jibu lile lile, mara mbili.

Mwaka 2008 watafiti wengine waliwapima Waholanzi hao wakiwa na umri wa karibu miaka 60, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja waliozaliwa nje ya njaa. Jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji wa mtoto tumboni, ilikuwa na methili pungufu. Njaa ya miezi michache ilikuwa bado imeandikwa mwilini baada ya miaka 60. Haijathibitishwa kuwa alama hiyo ndiyo iliyowatia wazimu walioumwa. Ilichothibitisha ni kwamba tumbo la mama linaandika, na linachoandika kinadumu.

Ndipo inapoingia kliniki ya wajawazito. Ili mwili utengeneze methili unahitaji foliki, ile vitamini iliyomo kwenye mchicha, kunde, maharage, mbaazi na mayai, na kwenye vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama hupewa kliniki. Vidonge hivyo vinaacha ladha ya chuma mdomoni na vinafanya choo kuwa cheusi, na wengi huvitia kwenye mkoba visionekane tena. Vimezwe. Si dawa ya kuzuia skizofrenia, na atakayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya, lakini vikianzwa mapema vinamlinda mtoto na kasoro za uti wa mgongo, na vinamlinda mama na upungufu wa damu. Kujifungulia mahali penye wataalamu nako kuna uzito huo huo. Watafiti wa Lieber walionyesha mwaka 2018 kuwa hatari ya vinasaba hujitokeza zaidi kwa wale ambao mimba au uzazi wao ulikuwa na matatizo makubwa, na kwamba nyingi ya jeni zinazohusika hufanya kazi ndani ya kondo la nyuma.

Nisieleweke vibaya hapa. Mama mwenye mtoto mgonjwa asije akaanza kuhesabu alichokula miaka 22 iliyopita. Wanawake wengi mno waliokosa chakula na waliopata uzazi mgumu wamezaa watoto wazima. Hatari ikizidishwa mara mbili kutoka moja kati ya mia bado ni ndogo, na hakuna daktari anayeweza kusema kwa mtoto fulani kwamba sababu ilikuwa hii. Mama zetu wamebebeshwa lawama za kutosha.

Bangi

Jambo moja liko mikononi mwa kijana mwenyewe. Sweden iliwahoji vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini mwaka 1969 na 1970, ikawafuatilia miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi mara nyingi zaidi kabla ya kuingia jeshini waliugua skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Tafiti zilizofuata, katika miji mingi ya Ulaya, zimeonyesha kuwa bangi kali inayovutwa kila siku ndiyo mbaya kupita zote. Ubongo wa kijana wa miaka 15 bado unajengwa, alama zake bado zinaandikwa. Kwa mwenye kaka au mzazi mgonjwa, msokoto wa barazani una hatari kubwa kuliko kwa mwenzake anayeupokea upande wa pili. Vijana wa nyumba hizo waambiwe hivyo wazi wazi, kwa upole, kabla hawajafika umri huo. Wakiambiwa tu kuwa ni haramu watasikia jambo walilokwisha kulisikia. Wakiambiwa kwa nini wao hasa, wana cha kushika.

Kipimo hakipo

Hakuna kipimo cha damu, mate au nywele kinachoweza kusema nani ataugua skizofrenia au nani anayo. Methili za damuni si zile za ubongoni, na ubongo wa aliye hai hauchotwi. Zaidi ya hayo, sigara na baadhi ya dawa hubadilisha methili zenyewe, kwa hiyo tofauti anayoonekana nayo mgonjwa huenda imeletwa na matibabu au tumbaku. Daktari hutambua skizofrenia kwa kusikiliza, kuuliza familia na kumwangalia mtu kwa muda. Kwa hiyo anayekutangazia kwenye simu dawa ya "kusafisha vinasaba" anatafuta pesa zako.

Utafiti mkubwa wa vinasaba kwa miaka mingi ulitegemea watu wa asili ya Ulaya, na hilo lilitunyima sisi majibu. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya mate ya maelfu ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, na kituo chake kimoja kiko Kilifi, mwambao huu huu wetu.

Nyumba yenye mgonjwa

Hapa Unguja ina la kuufundisha ulimwengu, na ningetaka tulijue wenyewe kabla ya kulisikia kwa wageni. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Juli McGruder, aliishi na familia tatu za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia, na akaandika juu yao tasnifu aliyoimaliza mwaka 1999. Katika nyumba moja walikuwamo baba na binti yake, wote wagonjwa. Aliyewatunza ni mwanamke aliyekuwa mama wa binti na mtalaka wa huyo baba. McGruder alishangazwa na utulivu wake. Binti akizidiwa, hapakuwa na makelele; akipata nafuu alirudi kwenye kazi zake za nyumbani bila kuulizwa kulikoni wala kuchungwa kila hatua. Familia zilizoamini kuwa ni pepo hazikumwona mgonjwa kuwa ndiye mwenye kosa. Pepo huja, huondoka. Mtu ni yule yule, na sahani yake iko pale pale.

Huko London, tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake walikuwa wamegundua jambo linaloendana na hilo. Wagonjwa waliotoka hospitali na kurudi kwenye nyumba za lawama, ukali, au uangalizi uliopita kiasi waliugua tena mara nyingi zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Matokeo hayo yamerudiwa nchi nyingi.

Epijenetiki inatoa dokezo la namna inavyoweza kuwa hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montréal, walionyesha kuwa panya waliolambwa sana na mama zao wiki ya kwanza ya maisha hukua na alama tofauti kwenye jeni inayotuliza mwili baada ya hofu, na huwa wapole maisha yao yote. Watoto wa mama wasiolamba wakipewa mama alambaye, alama zao hufuata mama mlezi. Panya si watu, na hofu si skizofrenia. Lakini kwamba malezi hufika mpaka kwenye jeni, hilo si mashairi tena.

Kwa hiyo nyumbani: ongea sentensi fupi, kwa sauti ya chini. Usibishane naye kama sauti zipo au hazipo, sema "mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua." Mpe kazi anayoiweza, kuchota maji au kuchambua mchele, na usimsimamie. Alale usiku, maana kukesha huchochea maradhi. Kumfunga mnyororo au kumpiga ni dhuluma, na hakuna maradhi yanayopoa kwa kipigo.

Kombe, kisomo na hospitali

Familia nyingi huanza kwa shehe au mganga. Kombe la zafarani na kisomo havigombani na vidonge, na mgonjwa akipata faraja ndani yake, apate. Kinachoua ni kusubiri. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila matibabu tangu alipoanza kusikia sauti, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Shehe mwema atakwambia anza leo kote kuwili. Anayekwambia uache dawa ndipo kisomo kifanye kazi, muage.

Kidongo Chekundu ndiyo hospitali pekee ya maradhi ya akili Zanzibar. Anayekaa mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, apewe rufaa. Mara ya kwanza kabisa mgonjwa apimwe na mwili pia: homa kali, malaria, kifafa, madawa ya kulevya na siku za baada ya kujifungua vyote huweza kuleta picha inayofanana na skizofrenia, na tiba zake ni nyingine. Nenda na mtu anayejua habari tangu mwanzo, na chukua dawa zote alizokwisha kunywa, za mganga pia. Usimfiche daktari kitu.

Dawa zinapunguza sauti na hofu kwa wengi, ndani ya wiki chache. Wengine hupewa sindano ya mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Kuna jambo moja ambalo kila familia ingepaswa kuambiwa kabla ya kutoka dirisha la dawa: katika siku za mwanzo, baadhi ya dawa, hasa haloperidoli, zinaweza kuikaza misuli. Shingo hujipinda upande, taya hukaza, macho hupanda juu. Nyumbani watu hupiga ukelele kuwa pepo amerudi kwa nguvu, dawa zinatupwa, mganga anaitwa. Hayo ni madhara ya dawa, yana tiba, na mara nyingi huondoka muda mfupi baada ya sindano. Mrudishe hospitali saa hiyo hiyo. Kutetemeka na mikono kukakamaa navyo vielezwe; daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha.

Ramadhani ikikaribia, nenda kwa daktari mapema. Dawa nyingi zinaweza kupangwa zinywewe baada ya futari au wakati wa daku. Anayehitaji kunywa mchana ni mgonjwa, na sheria imempa ruhusa yake. Kuacha dawa kimya kimya mwezi mzima, na huku usingizi umekatika, ndiko kunakowarudisha wengi wodini.

Na wazee wa posa? Ulizeni. Ni haki yenu. Lakini mkishajua, pimeni kwa hesabu ya kweli. Ami akiugua, hatari ya mpwa wake huwa juu kidogo kuliko ya mtu mwingine yeyote, lakini bado ni ndogo, takriban 2 hadi 4 kati ya 100, kwa hiyo kumnyima binti yenu kijana mzima kwa sababu hiyo ni kosa. Na mkiwa na mgonjwa wenu, semeni ukweli, ili mtoto wenu asiolewe kwa siri itakayokuja kumvunjia nyumba.

Kijana wako akibadilika, akajitenga, akaacha kulala, akaanza kuogopa watu wa nyumbani kwake au kujibu anaowasikia peke yake, usingoje mwezi upite. Mpeleke hospitali wiki hii hii.